Gari la Shemeji Kwenye Feri

Pale Kilifi mimi ni mtu wa miguu, maana soko, msikiti na kazini vyote viko karibu. Siku moja zamani, kabla daraja halijajengwa, shemeji aliniazima gari lake nikamtazame mgonjwa Mnarani. Wakati wa kurudi, feri ikiwa majini, nilishuka garini kupunga upepo, nikamkuta Bi Zuhura, jirani yetu. Tulipofika ng'ambo tukashuka pamoja, tukapanda mlima tukizungumza. Nyuma yetu honi zikalia.

"Kuna mjinga kawazibia wenziwe njia," nikamwambia.

Baharia akaja mbio. "Nani mwenye gari la buluu? Basi zima limekwama!"

Nami nikageuka kumtafuta.

Bi Zuhura akanitazama mkononi. "Mwanangu, na huo ufunguo unaouchezea ni wa nini?"