Suruali ya Mironjo Mbele ya Ofisa wa Kodi

Nimejiajiri kucheza ngoma ya mironjo hapa Embu, nikitembea jukwaani juu ya miti mirefu kuliko meza. Nilipokataliwa kuhesabu suruali ya mchezo huo kuwa gharama ya kazi, nilighadhibika kupita kiasi.

"Mzee, suruali ni suruali," ofisa wa kodi aliniambia. "Hata mimi hununua nguo za kuja kazini."

"Madam, yangu hufunika mironjo mpaka chini! Nani ataivaa sokoni? Keshokutwa nitaivaa hapa hapa, ujionee."

Nilifika nyumbani nikifoka kwamba nitaivaa suruali ile ofisini kwao. Mke wangu aliuliza kwa upole, "Baba Muthoni, kweli utaivaa ile mbele ya wakubwa?"

"Tena mbele ya kila mtu!" nilimkemea, wala sikumweleza sababu. Hasira ilinifanya nidhani dunia nzima imekwisha kuisikia hoja yangu.

Siku iliyofuata, jioni, mke wangu alinipa begi lenye suruali hiyo, nikaondoka nalo kesho yake asubuhi bila kulifungua. Ofisini niliwaita hata waliokuwa kwenye foleni waje washuhudie dhuluma, kisha nikaivaa suruali juu ya niliyokuwa nayo, huku nikiwahutubia kuhusu watu wasioijua sanaa.

"Sasa tazameni inavyoburuzika sakafuni!" nilinguruma.

Niliinama, nikaviona viatu vyangu vyote viwili, na juu yake pindo jipya la fundi, limepigwa pasi.

Ofisa alijitahidi asicheke. "Imekukaa vizuri, mzee. Hata kanisani Jumapili utapendeza."