Mazuku ya Herufi Tatu

Naomba musinicheke mbele sijamaliza. Mimi njo ule mutu alipandisha batumishi bote ba kiwanda juu ya makasha ya limonade, na directeur pamoja nabo.

Nilikuwa mupya mu kazi. Directeur aliniachia kuchunga gazi yenye kuingia mu limonade. Karatasi ilisema: mole moja ya gazi kwa seconde. Nikaangalia sindano ya mashini: iko ku 60, na chini yake kumeandikwa "mol/min". Mimi na diplome yangu yote, nikasoma "min" kama minimum. Nikawaza: kama 60 njo kidogo kabisa, na karatasi inataka moja tu, basi tumezidisha gazi mara sitini.

Gazi ile njo ya mazuku, yenye kulala mu mashimo ya pembeni ya ziwa na kuua mbuzi bila harufu. Nikafunga robine ya gazi, nikapiga kelele: "Mupande juu, mazuku iko chini." Mama Furaha wa kuosha chupa akapanda akisali. Directeur akapanda na abacost yake, ile koti ya bakubwa, na mimi pembeni yake. Nikaangalia nani ataanguka wa kwanza.

Hakuna aliyeanguka.

Directeur akainama toka juu ya kasha, akasoma pale chini ya sindano ya mashini.

"Citoyen, hii 'min' ni nini?"

"Minimum, papa."

Akaleta saa yake ya mukono karibu na macho yangu. "Na hii sindano ya murefu, yenye kusogea kila seconde 60, inahesabu nini?"

"Min…" nikaanza, na bote bakangojea juu ya makasha nimalize.