Fundi Cherehani Anapimwa

Fundi cherehani wa mtaa huu huongea na pini mdomoni, na maneno yake mengi huwa ya kujicheka mwenyewe. Matiti yake, yaliyonyonyesha watoto wanne, anayaita wastaafu. "Yamelala kabla ya mwenye nyumba," huwaambia wateja huku akiwapima kifua. Tangu apange kwenda kuyainua kwa upasuaji, ameteremsha nyuzi zote kutoka rafu ya juu, kwa kuwa daktari amemwonya kwamba kwa wiki kadhaa hataruhusiwa kunyanyua mikono. "Nyuzi zishuke, matiti yapande," alimwambia binti yake, naye akafunika uso kwa aibu.

Siku yenyewe ilipofika, alisimama kifua wazi mbele ya daktari, mwanamke wa rika lake, aliyekuwa akimchora mistari kwa kalamu ya wino. Fundi aliufuata kila mstari kwa macho, midomo ameibana kana kwamba pini bado zimo. "Daktari, niachie pindo kidogo," akasema. "Nikinenepa, tufumue."

Daktari akacheka mpaka kalamu ikateleza. Kisha akajibu kwa upole, "Hii haifumuliwi, dada. Na makovu yatabaki, nilikueleza."

Kweli alielezwa, na aliitikia. Lakini vidole vyake vilikuwa vinapapasa shingoni, mahali utepe wa kupimia huning'inia kila siku, na leo haukuwepo.

"Unaogopa?"

"Ah, nawaza tu," akasema. "Vitambaa vyote nilivyokata, sijawahi kukiuliza hata kimoja swali hilo."