Siku Baraka Iliponililia

Habari hii watu wa mji wetu wa Baraka wanaijua vizuri kuliko mimi, maana wakati inatokea mimi nilikuwa nimefumba macho. Ila kila mtu anaisimulia kwa njia yake, na katika njia zote hizo mjinga ni mimi, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu.

Mi naitwa Asukulu. Wengi wananiita Asukulu wa telefone, kwa sababu nilienda Bukavu nikasoma mambo ya kompyuta, nikatengeneza huduma ya kutuma ujumbe kwenye simu ndogo za vibonyezo, mvuvi anajulishwa upepo mkali, mama anajulishwa siku ya chanjo, mambo kama hayo, na baadaye kampuni kubwa ikainunua. Kwa upande wa kwetu Fizi niliomba ibaki bure. Nikachimbisha visima, nikajenga chumba cha uzazi kule Nundu, halafu, sijui ni shetani gani (mke wangu anasema ni kukosa kazi), nikataka kutoa sinema.

Ilikuwa sinema ya mchimba dhahabu wa Lulimba anayerudishwa kwao Baraka akiwa maiti. Mwongozaji alikuwa Espérance, dada mmoja wa Bukavu asiyecheka na kazi. Alitaka jeneza lipite sokoni juu ya pikapu, limefunguliwa upande wa uso, na kamera ifichwe ndani ya gari la mbele, ili nyuso za watu ziwe za kweli. Nikaona ni akili sana.

Asubuhi ya kupiga picha hiyo maiti wetu, Wilondja, mtu mzima mwenye familia, akaliona jeneza akarudi nyuma.

"Patro," akaniambia, maana bosi nilikuwa mimi, "mi nilikubali kuwa maiti. Ya kuingia mu sanduku hatukuisema. Bibi yangu iko na mimba."

Tukambembeleza. Akavua suti tuliyomvika, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Pikapu lilikuwa linanguruma, bamama tuliowalipa walie walikuwa wameshapanda, jua lilikuwa zuri. Nikasema, kwani kazi yenyewe ni nini, si kulala tu? Nikavaa suti. Espérance akanipaka unga usoni, akanitia pamba puani, akachukua simu yangu akaizima ("maiti hapigiwi simu"), akaniambia nisitikisike mpaka nisikie "coupez", yaani kata.

Kufika sokoni nikasikia sauti ya mama mmoja, polepole: "Huyu si Asukulu wa telefone?"

Mwingine akajibu, "Iko yeye. Jana tu nilimuona muzima."

Halafu kilio kikaanza, siyo kile cha sinema, kile kinachotoka tumboni. Pikipiki zikatufuata na honi, mtu akaniwekea tawi juu ya kifua. Mmoja wa bamama zetu alijaribu kueleza kwamba ni mchezo, akaambiwa hana heshima kwa wafu. Na mimi mule ndani nikawaza, Espérance leo anapata picha nzuri. (Ndiyo, ndivyo nilivyowaza.)

Nilichokuwa sijui ni kwamba Furaha, binti anayesimamia huduma yetu ya ujumbe pale mjini, alikuwa ameshaambiwa. Akapiga simu yangu, imezimwa. Akatoka mpaka barabarani, akaniona ninavyopita na pamba yangu. Furaha ni mfanyakazi mzuri. Akarudi ofisini, akajifuta machozi, akaandika kwamba kwa uchungu mkubwa tunatangaza kifo cha mwanzilishi wetu, akatuma kwa kila simu kutoka Nundu mpaka Lulimba. Ule mtambo niliutengeneza ili habari ifike haraka, na ilifika.

Espérance hakusema coupez. Baadaye alinieleza kwamba kila akitaka kukata alikuwa anaona uso mwingine mzuri zaidi. Pikapu likaingia uwanja wa kanisa, likasimama katikati ya umati, unga ukaanza kunitiririka shingoni. Papa Etabo, jirani yetu wa zamani, akaegemea jeneza akaanza kusema na mimi, kama watu wanavyosema na maiti.

"Asukulu, maji ulituletea, aksanti. Ila kukaa na siye hata kidogo, haukukaa. Ulikuwa unateremuka mu gari, unapiga foto, unapanda."

Nikaona nimeshachelewa kufufuka. Mtu akikwambia ukweli kama ule, ukaamka, utamjibu nini?

Halafu nikasikia, "Mpisheni mama yake." Anakaa nje kidogo ya mji, njia ya Nundu, na alikuwa ameletwa kwa pikipiki. Alinifuta unga kwa kitenge chake, akaweka kiganja juu ya paji la uso wangu, akakiacha pale.

"Uko na joto," akasema.

Nikafumbua macho. "Mama, ni sinema."

Akakaa chini palepale kwenye udongo, na mimi nikainuka nimshike, na hapo ndipo Baraka nzima ilipoona maiti anaketi. Shemasi mmoja aliruka ua na kanzu yake. Viatu vilibaki uwanjani kama vya kuuzwa. Kwa mbali nikasikia, hatimaye, "Coupez."

Furaha akatuma ujumbe wa pili kwamba Asukulu yuko hai, lakini watu wakasema ni wezi wameingia ndani ya mtambo. Kesho yake bamama wakimbizi wa Burundi wakafika kwa miguu na unga na maharagwe kichwani kwa ajili ya matanga, na nyuma yao wafugaji walioteremka kutoka njia ya Minembwe na maziwa. Mimi ndiye niliyewapokea mlangoni. Mchungaji akasema chakula cha kilio hakirudi nyumbani, kwa hiyo tukapika, nikawagawia mmoja mmoja, na nikakaa nao mpaka walipomaliza. Mama yangu hakula.

"Nililia njia muzima juu ya pikipiki," akaniambia. "Ile machozi utanirudishia na nini?"

Espérance alisema kipande kile cha mazishi ndicho bora kuliko vyote, na uso wa mama yangu umo, umechukuliwa kutoka mbali. Nikamwambia akitoe. Akasema ni mali ya sinema. Nikasema ni mali ya mama yangu. Akakitoa, na mpaka kazi ilipoisha hakunisemesha tena.

Sinema tuliionyesha kwenye ukumbi wa parokia, haina mazishi, na watu bado wananiuliza yule mchimba dhahabu alipotelea wapi. Ingine nitafanya, Mungu akipenda. Lakini mtu akifa mule atafia mbali, na sisi tutaambiwa tu.