Weka Tena, Haijasoma

Kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwashika watu vidole. Watafiti wa chuo kikuu kimoja walikuja Lushoto kuchunguza kwa nini mashine za alama za vidole zinawakataa wakulima wetu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, najua Kishambaa na sina kazi, wakanichukua niwe msaidizi. Tulikaa kwenye ukumbi wa usharika wa kanisa huko Magamba, tukiwa na meza moja, mashine za aina mbalimbali na beseni la maji ya kunawa. Mtu akija nilimwamkia, nikamnawisha, nikamkausha kwa taulo, nikakiweka kidole chake kwenye kioo cha mashine. Ikisoma, taa ya kijani inawaka. Ikikataa, nyekundu.

Nyekundu ndizo zilizokuwa nyingi. Huku kwetu viazi vinafukuliwa kwa mikono, karoti zinapaliliwa kwa mikono, na dawa ya kunyunyizia kabichi inakorogwa kwa mikono hiyohiyo, hata kama kwenye chupa pameandikwa vaa glavu. Ngozi ya ncha za vidole inalika mpaka inabaki laini kama sahani. Lakini kilichonikera hasa ni ule upole wao. Mtu akikataliwa na mashine haikasirikii mashine, anaomba radhi yeye. "Nisamehe mwanangu, ni mikono ya shamba hii." Anakifuta kidole kwenye kanga, anakiweka tena, halafu tena, na atakiweka mpaka jioni kama hujamwambia basi. Nilitamani hata mmoja wao aizabe ile mashine kibao.

Mtafiti mkuu alitueleza kwamba mashine hizi hukosea kwa njia mbili: humkataa mwenyewe, au humkubali asiye mwenyewe. Siku moja akatoa kidole cha gundi alichokitengeneza kwa kuchukua alama za kidole chake, akakibandika kwenye kioo, na taa ikawaka kijani. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikajikuta nimeficha mikono mfukoni. Ukiibiwa nywila unaibadilisha, sasa kidole utakibadilisha na nini? Jioni ile niliondoa alama yangu kwenye simu nikarudi kwenye namba za siri, nikawa nafuta kila kioo nilichokigusa. Wakanicheka wee. Waliniita mama wa mashaka.

Kumbe mwizi wala hahitaji gundi.

Kati ya vidole vyote tulivyopima, vya mama yangu ndivyo vilivyokuwa sugu kuliko vyote. Mashine zote zilimkataa. Kisha msimu wa kupanda viazi alianguka kwenye matuta, akaumia bega, na daktari akamkataza jembe kwa wiki nyingi. Katika utafiti wetu tulikuwa tunaangalia pia kama kupumzika na kupaka mafuta kunarudisha mistari ya vidole, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nampaka mafuta ya mgando, kidole kimoja kimoja, karibu na moto. Alilalamika.

"Unanipaka kama bibi harusi. Nani ananioa na bega hili?"

Nilicheka, nikaendelea kupaka. Mama ni mtu ambaye ukimpa kiti anauliza kama hakuna mwingine anayekihitaji. Kumshika mikono yake na kumtunza kulinipa raha ambayo sikujua nilikuwa naihitaji.

Simu ya mtendaji wa kijiji ilinikuta ukumbini.

"Mama yako anatakiwa kituo cha polisi, Lushoto mjini," alisema baada ya salamu. "Laini yake imetapeli watu."

"Laini ya mama? Mtendaji, mama hata kutuma meseji hajui."

"Mimi nafikisha ujumbe tu. Mpeleke mwenyewe kabla hawajaja kumchukua."

Nilikimbia nyumbani. Ipo namba unayoipiga kwenye simu, inakuletea laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nikachukua kile kisimu cha kitochi cha mama, nikapiga. Jibu lilikuja na namba yake, na chini yake namba nyingine nne ambazo hatujawahi kuziona. Simu ikaniponyoka, ikaanguka jikoni, betri ikatoka.

"Mama, laini yako ulisajili wapi?"

"Si sokoni, kwa yule baba anayesajili laini chini ya mwavuli. Mtu mwenye adabu kweli, aliniamkia kabla hata sijakaa. Kidole kikagoma, akaniambia weka tena mama, haijasoma. Nikaweka. Kikagoma, nikaweka tena. Nilimchelewesha sana, maskini. Nikamwachia mapeasi."

Nilikaa chini. Kila alipoambiwa haijasoma, ilikuwa imesoma, au ilikuwa ikijaribiwa mpaka isome, ili isajiliwe laini nyingine kwa jina lake, auziwe mtu mwingine. Mama angejuaje? Maisha yake yote mashine zimemkataa. Mwizi alichofanya ni kukaa palepale kwenye aibu yake na kusubiri.

Mama alivaa sare ya umoja wa wanawake wa usharika, kitenge na kilemba chake, kwa kuwa anakwenda ofisini. Njia nzima ya kuteremka mjini aliwaamkia watu na kuwaambia tunakwenda kumaliza jambo dogo. Mimi nilikuwa nahesabu vitu vya kutisha: mahabusu, mahakama, baridi ya sakafu kwa mtu mwenye bega bovu.

Afande aliyetupokea alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea. "Shikamoo mama," alisema, akavuta kiti. Nikaogopa zaidi. Na yule wa sokoni alianza hivyohivyo.

Alitueleza bila kelele. Mjane mmoja mkoa mwingine alipigiwa simu, akadanganywa, akatuma akiba yake yote. Laini iliyompigia imesajiliwa kwa kidole cha mama.

"Na kidole hakidanganyi, dada."

Hapo ndipo niliposimama. Nilijua mambo haya, ilikuwa kazi yangu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilijisikia nina kitu mkononi. Nikamweleza habari za vidole vilivyolika, habari za mawakala wanaosema weka tena, habari za taa nyekundu ukumbini kwetu. Niliongea haraka, karibu nimkoromee.

"Huyu mama hajawahi kusomwa mara ya kwanza, afande. Hajawahi! Leta mashine yoyote uliyonayo. Itamkataa mara tatu, mara nne, na wewe mwenyewe utamwambia aweke tena. Ndivyo alivyoibiwa. Utaona kwa macho yako."

Afande hakuwa mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema, "Haya, tuone." Akaenda chumba cha ndani, akarudi na mashine ndogo kama zile za mawakala.

Mama alikifuta kidole gumba kwenye kitenge. Alipokiinua, mwanga wa dirishani ukakipiga, na hapo tu ndipo nilipokiona. Ngozi ilikuwa imenenepa. Mistari ilikuwa imejipanga, mmoja baada ya mwingine, inang'aa kwa mafuta niliyompaka jana yake.

"Afande, ngoja kwanza," nilisema.

Mama alikuwa ameshakiweka. Taa ikawaka kijani palepale.

Afande aliniangalia bila hasira, na hilo liliniumiza kuliko matusi. "Umesema mara tatu, mara nne," alisema taratibu. Nikaanza kueleza bega, jembe, utafiti, mafuta ya mgando. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kama mtu anayetunga uongo pale aliposimama. Akanikatisha. Mama atabaki pale mpaka mpelelezi arudi kutoka Korogwe, ndivyo utaratibu ulivyo.

Wakamwambia avue viatu, avue na kilemba. Akakifungua, akakikunja vizuri, akanipa. Kesho yake mzee wa usharika alikuja kumdhamini, na siku zilizofuata ikajulikana kwamba si yeye peke yake aliyeibiwa kidole, na yule wakala alikuwa ameshahama na mwavuli wake. Lakini saa ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mama yangu amesimama peku kwenye saruji, na nywele zake nyeupe ziko wazi mbele ya watu. Machozi yalinitoka, sikuweza kuyazuia.

Yeye alikuwa anaitazama ile mashine mezani, uso umemchangamka kabisa.

"Usilie, mwanangu," akaninong'oneza. "Si umeona imenijua mara moja? Ngoja tu, itawaambia si mimi."