Kidole Gumba cha Durmish

Katika mtaa wa Waroma, jamii inayosifika kwa muziki, kule juu ya mji wa Vranje, watu walishaacha kumuuliza Durmish Asanov saa. Ukimuuliza saa ngapi, kwanza atakutazama usoni, halafu atataka kujua unaiuliza ya nini. Jirani akianika nguo siku ya mawingu, Durmish alijua anachunguzwa, maana nani mwenye akili timamu huanika nguo siku ya mawingu? Mkewe, Sebiha, alikuwa ameshazoea. Watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko bandani na mke mwenzangu."

Mke mwenza alikuwa tarumbeta. Siku za kazi Durmish alikata ngozi katika kiwanda cha viatu, na mwisho wa wiki aliongoza bendi iliyozunguka bonde zima la Morava kwa harusi, ubatizo, tohara na mazishi. Lakini kazi yake hasa, ile iliyomnyima raha tangu ujana, ilikuwa kuifikiria upya tarumbeta. Babu yake alikuwa mpiga zumari. Zumari ya mzee ilijua kulia. Sauti iliteleza kutoka juu mpaka chini bila kukanyaga popote. Tarumbeta, kwa maoni ya Durmish, ilitengenezwa na watu wa jeshi ili kuwaamsha askari. Hupanda na kushuka kama ngazi, kidato kwa kidato, na kati ya kidato na kidato hakuna kitu. Na muziki wa Waroma wote uko hapo katikati.

Basi akawa anachora. Alichora kwenye mabaki ya ngozi ya kiwandani, kisha akayachoma jikoni ili mtu asiyaone, nyumba ikanuka kwato mpaka Sebiha akahamia kwa mama yake siku mbili. Alijaribu kuongeza vali ya nne, kitufe cha ziada kando ya vile vitatu, ikavuja. Alitoboa tundu dogo karibu na mdomo, tarumbeta ikapiga mluzi kama birika. Mwishowe alilehemu mrija mfupi wa kuvuta, akauwekea springi ya kabureta iliyotoka kwenye gari lake bovu, na chini yake akaweka kijiti cha kubonyezwa kwa kidole gumba cha kushoto. Ukikibonyeza taratibu, sauti haikanyagi ngazi tena. Inateleza.

Hapo ndipo alipoanza kuufunika mkono wake wa kushoto kwa kitambaa chekundu kila alipopiga hadharani. Watu walidhani ni mapambo.

Tusimlaumu sana, kuna aliyemfundisha kushuku. Walipokuwa vijana alimpigia Selver, kaka yake Sebiha, ngoma mpya aliyoitunga, wakiwa wawili tu nyuma ya zizi. Kesho yake kwenye mashindano bendi ya Selver ilitangulia jukwaani, ikaipiga ngoma ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na ikachukua zawadi. Alipobanwa, Selver alisema bila aibu, "Shemeji, mbona mimi nilikuwa nimeshaiota wiki iliyopita?" Tangu hapo walikuwa wakila pamoja sikukuu zote na hawakuaminiana hata kwa chumvi.

Miaka ikaenda. Durmish akawa mzee wa masharubu meupe, na majira ya kuchipua yaliyopita daktari wa meno akamtikisa meno mawili ya mbele kwa kidole, akasema yote mawili hayana maisha. Kuanzia hapo hatapuliza tena. Durmish alimshuku daktari, akaenda kwa mwingine, naye akamwambia hivyohivyo. Akawashuku wote wawili, lakini meno aliyasikia mwenyewe yakicheza.

Ndipo swali moja likamkaba. Je, ile tarumbeta kweli ni nzuri? Usimcheke. Mpigaji husimama nyuma ya tarumbeta, na sauti huenda mbele, kwa watu. Yeye husikia pumzi yake, mifupa ya kichwa chake na meno yake mabovu. Maisha yake yote Durmish hakuwahi kusimama mbele ya kitu alichokitengeneza. Aliwahi kujirekodi kwenye kaseti, kikatoka kitu kama mbu ndani ya kopo. Alimuuliza Sebiha, akamjibu, "Nzuri, nzuri sana, kunywa supu haijapoa," naye akajua hapo hakuna ushahidi. Wenzake wa bendi wangesifu ili wapate kiti chake. Na hata kama mmoja wao angeipiga, midomo yao ilikuwa dhaifu. Sauti ikiharibika, utajuaje kosa ni la tarumbeta au la mpigaji?

Katika bonde lile kulikuwa na mdomo mmoja tu uliolingana na wake. Durmish aliwaza usiku na mchana akitafuta jina lingine, na jina lingine halikuwepo.

"Karibu, shemeji," alisema Selver alipofungua mlango, kisha akamtazama vizuri. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka unipigie tarumbeta yangu."

Selver aliweka kikombe chake cha kahawa chini polepole. "Hiyohiyo ya kitambaa?"

"Hiyohiyo."

"Umeitia sumu?"

"Ningetaka kukutia sumu ningemtumia dada yako, ndiye anayekupikia kila sikukuu."

Selver akacheka, lakini macho hayakucheka. Yeye naye alikuwa akijiuliza mtego uko wapi. Mtu aliyeficha kitu maisha yake yote hakuletei nyumbani asubuhi moja kwa mapenzi. "Na wewe utakuwa unafanya nini wakati napiga?"

"Nitasimama mbele nisikilize."

"Basi?"

"Basi. Halafu unairudisha. Na wakati unaishika yangu, mimi naishika yako. Ukikimbia, nakimbia."

"Kwa miguu hiyo?" Selver alisema. "Haya, shemeji. Kama mateka wa vita."

Walikwenda kwenye uwanda wa majani juu ya machimbo ya mawe, mahali Durmish alipopachagua kwa sababu hapakuwa na madirisha. Hata hivyo alizunguka vichaka vyote kwanza. Alikuta mbuzi, akamfukuza. Kisha akafungua sanduku, akaondoa kitambaa. Alikuwa amezungusha utepe mweusi wa fundi umeme juu ya ile springi ili isionekane. Selver alitazama utepe, akatazama kijiti, akamtazama Durmish. Wakabadilishana. Durmish akarudi nyuma hatua kadhaa, akiwa amekumbatia tarumbeta ya Selver kifuani.

Selver alianza na ngoma ya harusi ambayo kila mtoto wa mtaa ule anaijua. Ilitoka safi, imenyooka, kidato kwa kidato. Durmish alisikiliza na moyo wake ukaanza kushuka. Hii ilikuwa sauti ya Selver tu. Ilikuwa sauti ileile ambayo Selver angeitoa kwenye tarumbeta yoyote ya dukani. Kumbe amechoma ngozi na kugombana na mke na kumkosesha usingizi kila jirani kwa ajili ya mrija na springi ya gari. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kurudi nyumbani bila kuaga.

Halafu kidole gumba cha Selver kikasogea.

Kwanza aligusa kijiti kama mtu anayeonja pilipili kwa ncha ya ulimi. Sauti ikayumba. Selver akafungua macho, akaacha, akarudia pale pale, na safari hii akabonyeza mpaka mwisho, taratibu, huku akiitoa ile pumzi ndefu aliyokuwa nayo tangu ujana. Sauti ikateleza chini, ikapita katikati ya vidato, mahali ambapo tarumbeta haina ruhusa ya kupita, ikalia. Ililia kama zumari. Ililia kwa shaba, kwa nguvu ambayo zumari haikuwahi kuwa nayo, ikaenda mpaka kwenye mawe ya machimbo na kurudi. Durmish alisahau kushika vizuri tarumbeta ya mwenzake. Mdomo wake ulikuwa wazi, na meno yake mawili yalikuwa yakipigwa na upepo.

Selver hakusimama mwisho wa ngoma. Aliunganisha nyingine, ya mazishi, akatafuta kwa kidole gumba kila pembe ya kilio. Aliposhusha tarumbeta hatimaye, masikio yake yalikuwa mekundu. Akaupangusa mdomo wake. Akatazama majani.

"Vipi?" aliuliza Durmish.

"Aa." Selver alikohoa. "Kawaida tu, shemeji. Nikwambie kweli? Nilidhani kuna jambo. Hicho kijiti chako kinasumbua tu."

Durmish alimtazama. Alimjua mtu huyu kuliko alivyowajua ndugu zake. Alijua kwamba Selver huvisifu vitu vibovu vya wenzake kwa furaha, kwa sauti kubwa, huku akiwapiga mgongoni. Na kwamba cha thamani hakukisifu hata siku moja. Hata ile ngoma ya ujana wao, nyuma ya zizi, alikuwa amesema ni ya kawaida tu.

Furaha ilimpanda Durmish mpaka akaogopa itamuangusha.

"Pole kwa usumbufu," alisema. "Basi lete yangu, chukua yako."

Akamnyooshea tarumbeta. Selver hakuipokea. Hakuiona hata. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kijiti, kikibonyeza na kuachia, kikibonyeza na kuachia.

"Subiri kidogo," alisema. "Nipige mara moja tena. Nihakikishe kwamba ni ya kawaida."

Siku nyingine zote Durmish angeinyakua hapohapo na kuirudisha sandukuni.

"Hakikisha," alisema. Akakaa chini kwenye majani, akailaza ya Selver kando yake, akakunja miguu kama mgeni wa harusi. "Hakikisha mpaka uchoke, mwongo wewe. Bonde zima limekwisha kuisikia, nimebaki mimi."