Matambara ya Ukutani

Juzi, hapa Butembo, niliona matambara yamechomekwa kwenye ukuta wa mbao wa nyumba ya kupanga, na hasira ikanipanda.

Nilipokuwa mdogo, sisi pia tulipanga nyumba ya namna ile. Baridi iliingia kila mahali pamoja na moshi wa kuni za mikaratusi za majirani. Mama alichoka kumwomba mwenye nyumba atengeneze ukuta, akaziba mianya kwa vipande vya nguo zetu za zamani. Alasiri moja, mvua ikinyesha, mwenye nyumba alikuja amevaa koti lake zito, akayachomoa matambara yote.

“Mama, unachafua nyumba yangu. Batu banapita mu barabara, banaona hii takataka.”

“Mais Papa, batoto banakohoa,” mama akajitetea.

“Haiko mimi nilileta baridi mu Butembo.”

Mimi nilidhani anayabeba ili arudi na mbao mpya. Nikamfuata mlangoni, nikamshika mkono kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kusalimia wakubwa.

“Aksanti, Papa.”

Mkono wake ulikuwa na joto. Ningeweza, ningeenda leo kumnyang'anya ile aksanti.